Mtoto Asiyesema Anapougua

Katika vyumba vingi vya kuonea watoto wagonjwa, kwenye zahanati na vituo vya afya vya Afrika Mashariki, kuna chati ya dalili za hatari. Inatokana na mpango ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF katika miaka ya 1990, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia. Chati hiyo inamtaka mhudumu aulize mambo machache kabla ya mengine yote, kwa kila mtoto wa miezi miwili hadi miaka mitano. Je, anashindwa kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea kupita kiasi au amepoteza fahamu? Ndiyo moja tu inatosha kumpeleka hospitali bila kungoja.

Sasa aingie mama aliyembeba mtoto wa miaka minne mwenye mtindio wa ubongo. Kumeza kwake ni kwa shida tangu azaliwe. Degedege humpata karibu kila wiki. Shingo haijakaza, macho yanatangatanga, na hajawahi kutamka neno. Ukimpima kwa chati, kila siku ya maisha yake ni siku ya hatari. Ukimpima kwa jicho la mazoea, hana siku ya hatari hata moja, maana "ndivyo alivyo huyu." Kati ya makosa hayo mawili, naliogopa zaidi la pili.

Sababu ya woga wangu iko Iganga na Mayuge, wilaya mbili za mashariki mwa Uganda, ambako watafiti walizunguka vijijini kuwatafuta watoto wenye mtindio wa ubongo, kisha wakawafuatilia kwa miaka kadhaa. Matokeo ya ufuatiliaji huo yalitoka mwaka 2020. Watoto hao walikuwa wakifariki kwa kiwango kikubwa mara 25 kuliko cha watoto wengine wa eneo lilelile. Wengi waliuawa na malaria, upungufu wa damu na maambukizi ya kawaida, yaani magonjwa yaleyale ya mtoto wa jirani, ambayo yana vipimo na yana dawa. Waliokuwa na ulemavu mkali zaidi na utapiamlo ndio waliokuwa katika hatari kubwa.

Umaskini una sehemu yake hapo, na umbali wa hospitali pia. Lakini kuna jambo jingine ambalo haliponi hata kwa gari la wagonjwa. Mwaka 1982 mwanasaikolojia wa Marekani Steven Reiss na wenzake waliwapa wataalamu maelezo ya mgonjwa mwenye hofu iliyomzidi. Wataalamu walipoambiwa kwamba mgonjwa huyo ana ulemavu wa akili, hofu ileile ilionekana kwao kuwa si ugonjwa wa kushughulikiwa tena, bali sehemu ya ulemavu wake. Tangu hapo madaktari wamekuta mtego huo kila mahali, hata kwenye matumbo na mifupa. Mtoto analia: ni ubongo. Hali: ni ubongo. Hapumui vizuri: ni ubongo, mama, tufanyeje?

Sayansi yenyewe ilichelewa kuwasikia wasiosema. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, vichanga wengi walipasuliwa kwa nusu kaputi hafifu sana, na wengine kwa dawa ya kulegeza misuli bila ya kuzuia maumivu, kwa imani kwamba neva zao bado ni changa mno kuhisi. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake huko Oxford walichapisha utafiti kuhusu watoto njiti waliofanyiwa upasuaji wa mshipa mkubwa karibu na moyo. Waliopewa dawa kali ya maumivu walivuka salama zaidi, na homoni za mshtuko mwilini mwao zilipanda kidogo tu. Wenzao waliokosa dawa hiyo miili yao ilikuwa imepiga kelele kwa njia ya kemikali, ingawa mdomo ulikuwa kimya. Hata tafsiri rasmi ya maumivu, iliyotolewa mwaka 1979 na chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, ilibidi irekebishwe. Toleo la mwaka 2020 linasema wazi kwamba maelezo ya mdomo ni njia moja tu kati ya nyingi za kuonyesha maumivu, na kwamba kushindwa kujieleza hakumaanishi kuwa maumivu hayapo.

Basi yanaonekanaje? Huko Halifax, Canada, mtafiti Lynn Breau na wenzake waliwauliza swali hilo wazazi na walezi wa watoto wasiosema. Kutokana na majibu yao ikatengenezwa orodha ya dalili 30 ambazo mlezi huziangalia kwa muda wa saa mbili. Nyingi utazitarajia: kuguna, kukunja uso, kusaga meno, kukunja miguu tumboni, kutokwa jasho, kukataa kula. Nyingine hushangaza. Mtoto aliyezoea kurusha mikono akatulia tuli. Aliyezoea kupiga makelele akanyamaza. Mwingine hujipiga sikioni au hujing'ata mkono, na wapo wanaocheka wakiwa kwenye maumivu makali, hadi mgeni akadhani mambo ni mazuri.

Hapo ndipo orodha yoyote ya jumla inapofika ukomo wake. Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa na kipimo cha maumivu cha mwaka 1997 kinachotazama uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio na namna mtoto anavyobembelezeka. Kila kimoja hupewa alama kuanzia 0 hadi 2. Kilipotumika kwa watoto wenye ulemavu wa akili kilikwama, kwa kuwa mtoto ambaye miguu yake imekakamaa siku zote huanza na alama za maumivu ambayo hana. Mwaka 2006 kikarekebishwa, na sehemu muhimu ya marekebisho ni nafasi ya mzazi kuandika dalili za mtoto wake mwenyewe, zile ambazo hazimo kwenye kitabu. Uingereza nako kikaundwa kipimo kinachomtaka mzazi amjazie mtoto alama akiwa mzima kwanza, kisha alama za siku mbaya zilinganishwe na hizo.

Kinachopimwa, kwa hiyo, ni tofauti kati ya mtoto huyu leo na mtoto huyuhuyu juzi. Mama anayesimama mbele ya muuguzi na kusema "sista, leo siyo yeye" ametoa kipimo, hata kama hana namba ya kukiwekea. Uchambuzi wa tafiti nyingi ulioongozwa na Ann Van den Bruel na kuchapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet ulionyesha hivyo kwa watoto wote, si wenye ulemavu tu. Wasiwasi wa mzazi kwamba ugonjwa wa safari hii ni tofauti ulikuwa miongoni mwa ishara zenye nguvu za kuwepo kwa maambukizi makali. Daktari anayeupuuza hukosa taarifa ambayo maabara haiwezi kumpa.

Nisizidishe lakini. Mzazi naye huzoea. Mwaka 2004 watafiti wa Vancouver waliwachukua video watoto wenye usonji wakati wa kutolewa damu. Wazazi walikuwa wameeleza mapema kiasi gani watoto wao huhisi maumivu, na usemi kwamba watoto wenye usonji hawaumii sana ulikuwa umeenea hata hospitalini. Nyuso kwenye video zilionyesha maumivu waziwazi, si chini ya ya watoto wengine, na maelezo ya wazazi hayakuendana nazo. Mtoto akilia kila jioni kwa mwaka mzima, kilio kinahesabiwa kuwa tabia yake. Inawezekana ni jino lililooza kwa mwaka mzima. Breau na wenzake walipowafuatilia watoto wenye ulemavu mkali wa akili kwa wiki nne, karibu 8 kati ya 10 walipata maumivu angalau mara moja, na mengi hayakutokana na kuanguka wala kujigonga. Yalitoka ndani ya mwili.

Tumbo ndilo la kwanza kulishuku. Mtoto asiyetembea, anayekunywa maji kidogo kwa sababu maji humpalia, anayelishwa uji laini kila siku, huyo choo chake kitakuwa kigumu tu. Zaidi ya nusu ya watoto wenye mtindio mkali wa ubongo wana tatizo hilo. Linajificha vibaya: kinyesi kigumu kikiziba, cha majimaji hupenya pembeni na kuchafua nepi, na nyumba nzima inadhani mtoto anaharisha. Akipewa dawa ya kuzuia kuharisha, hali inazidi. Tumbo lililojaa namna hiyo humnyima mtoto hamu ya kula na usingizi, na huongeza mkakamao wa misuli. Nadhani watoto wengi wanaoongezewa dawa za kulegeza misuli wangeanza na dawa ya kulainisha choo.

Juu ya tumbo kuna umio, na asidi inayopanda. Mtoto mwenye kiungulia kikali hujipinda mgongo kuelekea nyuma na kugeuza shingo, hasa wakati wa kula au muda mfupi baadaye. Mwaka 1964 madaktari wa London walieleza watoto waliojipinda hivyo; hali hiyo ikapewa jina la daktari wa neva Paul Sandifer. Hadi leo huchanganywa na kifafa, na mtoto hupandishiwa dozi ya dawa za degedege kwa ugonjwa ulioko tumboni. Anayeweza kutofautisha ni anayemlisha, kwa sababu yeye anajua kama kujipinda huja na sahani.

Nyonga huumiza kwa namna nyingine. Katika jimbo la Victoria, Australia, utafiti wa mwaka 2006 ulikuta nyonga zimehama katika watoto 35 kati ya kila 100 wenye mtindio wa ubongo. Kwa wanaotembea bila shida hapakuwa na hata mmoja. Kwa wasioweza kukaa wenyewe walikuwa 90 kati ya 100. Dalili yake nyumbani ni kilio kinachokuja mama anapotanua miguu kubadilisha nepi au kuosha, au mguu mmoja kuonekana mfupi. Mifupa ya watoto hawa pia ni dhaifu. Haibebi uzito, wengine hufungiwa ndani wasipate jua, na dawa za kifafa kama fenobabito na fenitoini zinapunguza vitamini D mwilini. Mfupa wa paja unaweza kuvunjika kwa kuvalishwa suruali tu. Paja likivimba na kuwa la moto ghafla, hiyo ni safari ya hospitali, na mama asitishwe na macho ya watu wanaodhani kampiga mtoto.

Yaliyobaki ni ya kukagua kwa mkono na tochi ya simu, mtoto akiwa amevuliwa nguo zote: meno na fizi (fenitoini huzivimbisha), masikio, jicho lenye mchubuko, unywele uliojiviringisha kwenye kidole cha mguu, korodani iliyovimba, kidonda cha kulalia, mkojo unaonuka na kumliza. Ukaguzi huo ni wa dakika chache, na ni wa kufanya kabla ya kuamua kwamba mtoto "ana kisirani."

Kuna hali ambazo hazingoji hata mtoto awe na ulemavu wa namna gani. Kupumua ni ya kwanza. Mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi ni za haraka, na chini ya mwaka mmoja, baada ya miezi miwili, ni 50. Kifua kikiingia ndani kila anapovuta hewa, au midomo na ulimi vikiwa na rangi ya bluu au kijivu, ondoka sasa hivi. Watoto wanaopaliwa mara kwa mara huingiza chakula na mate kwenye mapafu, na nimonia ni ugonjwa wao wa kujirudia. Mtoto mwenye mgongo uliopinda huenda anapumua haraka hata akiwa mzima, ndiyo maana ni vizuri kuhesabu siku njema na kuandika.

Homa nayo ina hila zake. Katika maeneo yetu, homa ni sababu ya kupima malaria siku hiyohiyo, si ya kununua dawa dukani kwa kukisia. Ila ubongo ulioumia unaweza kushindwa kuongoza joto la mwili. Wapo watoto ambao joto lao hupanda kwa sababu ya chumba chenye bati, na wapo ambao maambukizi makali huwashusha joto badala ya kulipandisha. Mtoto wa baridi, aliyelegea, anayekataa kula, asirudishwe nyumbani kwa kuwa kipimajoto hakikuonyesha homa. Tazama pia viganja vyake kwa kuvilinganisha na vyako mwenyewe. Vikiwa vyeupe sana, damu imepungua, na Iganga imeonyesha nini kinafuata.

Kwa degedege, utaratibu wake mwenyewe ndio kipimo. Mtoto ambaye degedege lake ni la dakika mbili kila Ijumaa na baadaye hulala kisha akaamka mzima, halazimiki kukimbizwa hospitali kila Ijumaa. Likizidi dakika tano, likirudi kabla hajazinduka, likiwa la sura mpya, likija na homa, au likifuata siku ambazo dawa ilikosekana au ilitapikwa, ni dharura. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Upande wa pwani, degedege limehusishwa kwa vizazi na mashetani na ndege wa usiku. Utafiti uliofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha jinsi imani hiyo ilivyochelewesha matibabu ya malaria kali. Siwacheki wazee waliodhani hivyo. Kuwaambia watu kwamba mtoto mwenye kifafa hupata degedege "la kwake" hata akiwa na homa kali, kama baadhi ya wahudumu wanavyosema, kunaleta ucheleweshaji uleule kwa lugha ya kitaalamu.

Watoto waliowekewa mpira wa kuondoa maji kichwani, ambao Tanzania wengi hupasuliwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili na Uganda katika hospitali ya CURE mjini Mbale, wana kanuni yao peke yao. Akitapika bila kuharisha, akalala kupita kawaida, akakasirishwa na mwanga au kuguswa kichwa, macho yakatazama chini tu, huenda mpira umeziba au umeingia wadudu. Hapo hakuna kusubiri asubuhi, na zahanati ni mahali pa kupewa rufaa tu.

Katikati ya dharura na siku ya kawaida kuna eneo pana la mashaka, na humo ndimo wazazi wanamoishi. Amekula nusu. Amelala vibaya. Analia kilio kisicho chake. Ninachokiona cha busara ni hiki: akague mwili, atazame choo na mkojo, ampe maji kidogo kidogo akiwa ameinuliwa, ampe parasetamoli kwa dozi ya uzito wake na si ya umri, maana mtoto mwenye utapiamlo wa miaka minane anaweza kuwa na uzito wa wa miaka mitatu. Akitulia baada ya dawa, hilo ni jibu: kulikuwa na maumivu, na chanzo chake bado kinatafutwa. Akiendelea vilevile hadi kesho yake, au akikosa mkojo kwa nusu siku, au bibi na mama wakikubaliana kwamba hawajawahi kumwona hivi, aende. Hizo si sababu ndogo. Lakini nauli ni kubwa, bodaboda haipakizi kirahisi mtoto asiyekaa, na sera ya matibabu bila malipo kwa watoto wa chini ya miaka mitano inaishia hasa pale mtoto anapokuwa mzito kubeba. Familia nyingi huamua kungoja kwa sababu hizo, kwa hiyo mhudumu anayemwona mama huyo saa mbili asubuhi ajue kwamba hesabu ya kuja ilishafanywa usiku kucha.

Kitu kimoja hurahisisha yote haya nacho hakigharimu: ukurasa mmoja wa daftari unaoeleza mtoto akiwa mzima. Anapumua mara ngapi akiwa amelala. Degedege lake linaanzaje, linachukua dakika ngapi, linamjia mara ngapi. Anamaliza bakuli la uji kwa muda gani. Choo mara ngapi kwa wiki. Sauti ya njaa, sauti ya furaha, sauti ya kuumia. Viungo gani vimekakamaa siku zote. Uzito wa mwisho, dawa na dozi. Video fupi za simu zinaongeza mengi, moja ya siku njema na moja ya lile jambo linalotia wasiwasi. Daktari akiona kujipinda kwenyewe hahitaji kukisia kutokana na maelezo. Ukurasa huo aujue pia dada wa kazi, shangazi, na mwalimu wa kitengo, maana siku mama akiwa safarini ujuzi wote wa mtoto huwa umeondoka naye.

Chumbani kwa daktari, anza na mabadiliko, ulemavu ufuate. "Ana mtindio wa ubongo, analia" humpeleka daktari njia moja. "Tangu juzi ameacha kula, analia nikimtanua miguu, kabla ya hapo alikuwa akilala usiku mzima" humpeleka njia nyingine. Akisema ndivyo walivyo, swali la heshima na gumu kulikwepa ni hili: "Daktari, angekuwa mtoto asiye na ulemavu mwenye dalili hizi, ungempima nini?" Kisha aombwe amvue mtoto nguo na kumkagua mwili mzima, masikio na mdomo vikiwemo.

Na kabla ya kutoka, mama aulize arudi kwa dalili zipi, na zitajwe kwa mtoto huyu. "Mrudishe akishindwa kunywa" haimsaidii anayeshindwa kunywa kila siku. "Mrudishe akimaliza chini ya nusu ya bakuli lake mara mbili mfululizo, au pumzi zikizidi zile ulizoandika na kufika 40" inamsaidia. Iandikwe kwenye kadi, pamoja na jina la kituo kinachofungua usiku.